Daraja la Chuma la mto Severn: tao lililo jepesi mno kwa kingo zake

Mtu akisimama kando ya mto Severn, katika mji mdogo wa Ironbridge huko Shropshire, magharibi mwa Uingereza, ataliona tao la chuma lenye rangi nyekundu iliyoiva likivuka maji kutoka ukingo hadi ukingo bila nguzo hata moja katikati. Asichokiona ni kitu kilicholala chini ya maji hayo hayo: tao jingine, la zege lenye nondo, lililopinduliwa juu chini na kumwagwa kwenye sakafu ya mto kati ya mwaka 1972 na 1975 ili kuzizuia kingo mbili zisisogeleane. Tao la juu limechorwa, limepigwa picha na kusifiwa kwa zaidi ya karne mbili, na mji wenyewe umechukua jina lake kutoka kwalo. La chini hutajwa kwa nadra, ingawa bila hilo la juu huenda lisingekuwapo leo.

Kuwapo kwa matao hayo mawili kunaleta swali ambalo historia nyingi za daraja hili hulipita kwa haraka. Daraja lilimeza zaidi ya tani 380 za chuma, kiasi ambacho wahandisi waliofuata walikiona kuwa ni kufuja mali. Imekuwaje basi chombo kizito namna hiyo kikathibitika kuwa chepesi mno kwa mahali kilipowekwa? Jibu haliko katika chuma peke yake. Liko katika bonde, katika mto, na katika fikra za watu waliojenga kwa kitu kipya huku wakitumia maarifa ya kitu cha zamani.

Tuanze na bonde. Severn ni mto mrefu kuliko yote nchini humo, wenye urefu wa kilomita 354 hivi, na mahali hapa unapita katika korongo lililochimbwa na maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu. Kwa kipimo cha miamba, korongo hilo ni changa. Kuta zake ni za mwinamo mkali, na ndani yake kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi na mawe laini yaliyochanganyika na makaa ya mawe. Udongo wa namna hiyo ukilowa huteleza. Kwa hiyo pande zote mbili za bonde zimekuwa zikishuka kuelekea mtoni polepole, wakati mwingine kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, wakati mwingine kwa maporomoko.

Korongo hilo hilo ndilo lililowaleta watu. Palikuwa na makaa ya mawe, mawe yenye madini ya chuma, chokaa, udongo wa matofali na mto wa kusafirishia bidhaa, vyote karibu karibu. Mwaka 1709, katika bonde dogo la Coalbrookdale linaloingia kwenye korongo hili, Abraham Darby wa kwanza alifaulu kuyeyusha chuma katika tanuri kwa kutumia makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa na kutolewa gesi na uchafu wake, badala ya mkaa wa miti. Darby hakuwa akitafuta madaraja. Alikuwa akitengeneza masufuria na vyungu vya chuma, tena miaka miwili kabla yake alikuwa amejipatia hataza ya kusubu vyungu hivyo katika kalibu za mchanga. Jikoni ndiko chuma cha kusubu kilikoanzia safari yake ya kufika juu ya mto.

Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za chuma, kwa kuwa tofauti hiyo inabeba nusu ya maelezo yanayofuata. Chuma cha kufua hupigwa nyundo na wafua chuma kikiwa cha moto, na kikivutwa huwa na ustahimilivu mzuri. Chuma cha kusubu hakipigwi nyundo, bali huyeyushwa hadi kikawa kama uji na kumiminwa katika kalibu, kikapoa kwa umbo la kalibu ile. Hicho cha pili hubeba mzigo mkubwa sana kikikandamizwa, lakini kikivutwa au kupindwa hukatika ghafla, bila kutoa onyo. Yeyote aliyewahi kuangusha chungu cha chuma kwenye sakafu ya saruji kikapasuka vipande anaijua tabia hiyo. Sasa, tao ni umbo ambalo uzito wote unaopita juu yake hugeuka kuwa mkandamizo unaoteremka kufuata mpindo hadi chini. Ndiyo kusema kwamba chuma cha kusubu na tao vinapatana kwa asili.

Katikati ya karne ya 18 korongo lilikuwa limejaa tanuri, migodi na watu, lakini daraja la karibu lilikuwa Buildwas, kilomita tatu hivi kwa upande wa juu wa mto. Waliotaka kuvuka walitegemea vivuko vya mashua. Wakati wa masika ya baridi mto ulifurika na kuvuka kukawa ni kujitosa katika hatari. Wakati wa kiangazi maji yalipungua hata mashua zikakwama. Wakati huohuo mto ulikuwa ndio barabara kuu ya bidhaa, ukipitiwa na mashua bapa zenye milingoti na matanga, ambazo upepo ukikosekana zilivutwa kwa kamba na watu waliotembea kando ya maji. Daraja lolote la hapo lilipaswa kuwaachia wenye mashua nafasi ya kupita, jambo lililomaanisha tao moja, refu kwenda juu, lisilo na nguzo mtoni.

Mwaka 1773 Thomas Farnolls Pritchard, msanifu majengo wa Shrewsbury, alimwandikia John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, akipendekeza daraja la chuma. Pritchard alikuwa amejifunza useremala kabla ya kuwa msanifu, nami namwomba msomaji aliweke hilo akilini. Wilkinson kwa upande wake alikuwa na mapenzi ya chuma yaliyopita kiasi, hata watu wakamtania kuwa ni mwenda wazimu wa chuma. Baadaye alijenga mashua ya chuma na kujitengenezea jeneza la chuma. Wawekezaji walikutana mwaka 1775, na kazi ya kusubu na kujenga akakabidhiwa Abraham Darby wa tatu, mjukuu wa yule wa vyungu, kijana wa miaka 25.

Sheria ya Bunge ya kuruhusu daraja ilipitishwa mwaka 1776, na maneno yake yanaonyesha wasiwasi uliokuwapo, kwa maana hayakulazimisha chuma: yaliruhusu chuma cha kusubu, mawe, matofali au mbao. Mwezi Mei mwaka huohuo wadhamini wa mradi walimnyang'anya Darby kazi na kutangaza kutafuta mapendekezo ya tao moja la mawe, matofali au mbao. Hawakupata lililowaridhisha, wakarudi kwenye chuma. Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama woga wa watu wasioona mbali. Mimi naona walikuwa na haki ya kuogopa, maana hakuna aliyekuwa amewahi kuona daraja la barabara la namna hiyo likibeba gari la farasi, na fedha zilizokuwa hatarini zilikuwa zao.

Pritchard alifariki Desemba 1777, muda mfupi baada ya kazi kuanza, kwa hiyo hakuliona daraja lake. Matao makuu yalisimamishwa katika kiangazi cha mwaka 1779, kwa upana wa mita 30.6 kutoka ukingo hadi ukingo, na daraja likafunguliwa kwa wapitaji tarehe 1 Januari 1781.

Namna vyuma vile vilivyoinuliwa ilibaki fumbo kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna michoro ya ujenzi iliyosalia. Wengine walidhani kulijengwa jukwaa kubwa la mbao lililoziba mto, jambo ambalo wenye mashua wasingelivumilia. Fumbo lilianza kufumbuka mwaka 1997, ulipogunduliwa huko Stockholm mchoro mdogo wa rangi za maji uliochorwa na Elias Martin, msanii wa Sweden aliyepita hapo kazi ikiendelea. Mchoro unaonyesha mbavu za daraja zikiwa nusu nusu, na kati yake kiunzi cha mbao kilichosimama mtoni kwenyewe, cha kuinulia vipande kwa kamba na roda. Miaka michache baadaye watafiti walijenga mfano wa daraja wenye nusu ya ukubwa wake, wakitumia njia iliyoonekana katika mchoro, na ukasimama.

Tukilisogelea daraja lenyewe na kutazama mahali vyuma vinapokutana, tunaona jambo la kushangaza. Daraja lina mbavu kuu tano, na kila moja imeundwa kwa nusu mbili, kila nusu ikiwa na urefu wa mita 21 hivi na uzito wa zaidi ya tani tano. Kuzifungamanisha kuna vipande vidogo, na jumla ya vipande vyote inakaribia 1,700. Leo fundi angeviunga kwa boliti, ribiti au kwa kuchomelea. Hapa kuna viungo vya seremala. Ulimi wa chuma unaingia katika tundu la chuma, kama mguu wa meza unavyopokea ubao wake. Mahali pengine ulimi umepanuliwa mbele kama mkia wa ndege ili usichomoke ukivutwa. Ubavu mmoja unapita katikati ya kipande kingine kupitia tundu lililoachwa tangu kalibuni, na nafasi iliyobaki imezibwa kwa kabari za chuma zilizopigwa hadi zikakaza. Mtu anayejua namna milango na vitanda vya zamani vilivyoungwa bila misumari atavitambua viungo hivi mara moja.

Kwa seremala viungo vya namna hiyo ni busara, kwa sababu mbao huchongwa papo hapo hadi ikaingia. Chuma cha kusubu hakichongeki hivyo. Kikitoka kalibuni kifupi kwa inchi moja, kifupi ndicho kilivyo. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulibaini kwamba vipande vinavyopaswa kufanana vinatofautiana kwa sentimita kadhaa, na kwamba sehemu kubwa ya vipande, vile vikubwa vyote vikiwamo, vilisubiwa kimoja kimoja ili viendane na mahali pake. Yaani lile tunalolifikiria kuwa mwanzo wa ujenzi wa viwandani, wa vipande vinavyofanana na kubadilishana, kwa kweli ni kazi ya mkono, kama kushona nguo kwa kumpima mvaaji. Ndiyo maana pia chuma kingi kilitumika. Hapakuwa na hesabu za kuonyesha kipande kinahitaji unene gani, na penye shaka mafundi waliongeza.

Gharama zilimwelemea Darby. Makisio yalikuwa pauni 3,200 hivi. Inaaminika kazi ilifika karibu mara mbili yake, na sehemu kubwa ya ziada ikawa juu yake. Aliishi na madeni hadi alipofariki mwaka 1789, kabla ya kutimiza miaka 40. Hata hivyo alijua thamani ya sifa. Mwaka 1780 alimlipa mchoraji William Williams ili achore daraja, na picha zilizochapwa za daraja hilo zikaenea mbali, zikawavuta wageni ambao kila mmoja wao alilipa ushuru wa kuvuka. Ubao wa ushuru ungali kwenye nyumba ya mtoza ushuru kando ya daraja. Mtembea kwa miguu alilipa nusu peni. Askari alilipa, awe kazini au asiwe kazini, gari la barua lililipa, na ubao unasema waziwazi kwamba hata familia ya kifalme haikusamehewa.

Kuhusu dai kwamba hili ni daraja la kwanza la chuma duniani, inatosha kusema kwamba linahitaji kuwekewa mipaka. China ilikuwa na madaraja ya kuning'inia kwa minyororo ya chuma karne nyingi kabla yake, na huko Kirklees, Yorkshire, palijengwa daraja dogo la miguu la chuma cha kufua mwaka 1769. Lililo la kwanza hapa ni daraja kubwa la barabara lenye tao la chuma cha kusubu.

Turudi kwenye udongo. Miaka miwili tu baada ya kufunguliwa, yaani mwaka 1783, ilibidi kujenga ukuta kwenye ukingo wa kaskazini ili kuuzuia usiteleze. Nyufa zikaonekana katika maegemeo, yaani zile kuta kubwa za mawe kwenye kingo ambazo miguu ya tao inakanyagia. Aliyeziona nyufa hizo angeweza kuushuku ubora wa chuma, naye angekosea pa kushuku.

Ili kuelewa kilichokuwa kikitokea, fikiria tao la mawe la kawaida. Ni zito mno, na kwa uzito wake linasukuma maegemeo kwenda nje, kuelekea nchi kavu, kwa nguvu nyingi. Tangu zama za Warumi wajenzi wa matao walizoea kupambana na msukumo huo, wakiyafanya maegemeo kuwa manene ili yasisukumwe nyuma. Katika korongo la Severn adui alitokea upande usiotarajiwa. Kilima kilikuwa kikisukuma maegemeo kwenda ndani, kuelekea mtoni. Tao zito la mawe lingejibu msukumo huo kwa msukumo wake, na huenda nguvu hizo mbili zingepunguzana. Tao la chuma, pamoja na tani zake zote, lilikuwa jepesi likilinganishwa na tao la mawe la upana huo, na lilikuwa wazi katikati kama wavu. Halikuwa na uzito wa kukizuia kilima. Maegemeo yakasogeleana, na kitu kinachobanwa pande mbili hupanda juu katikati, kama mkeka unaosukumwa kutoka ncha zote mbili. Hapo chuma kilichopendezwa na mkandamizo kikaanza kupindwa, na kupindwa ndiko kisikokuweza.

Wepesi huohuo, lakini, ndio ulioliokoa daraja Februari 1795. Mwaka huo Severn ulifurika kwa kiasi kilichovunja au kuharibu madaraja kwa urefu wa mto. Madaraja ya mawe yaliyokuwa na nguzo majini yaliuzuia mkondo, magogo na takataka vikajikusanya kwenye matao yake, na maji yakayabomoa. Daraja la Buildwas likaenda na maji. Daraja la Chuma halikuwa na nguzo mtoni, tao lake lilikuwa juu, na hata maji yaliyolifikia yalipenya kati ya vyuma vyake. Likasimama bila kudhurika, na sifa yake ikapanda kuliko tangazo lolote ambalo Darby angeweza kulilipia, laiti angekuwa hai.

Aliyeyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja ni mhandisi Thomas Telford, ambaye alipewa kazi ya kujenga upya daraja la Buildwas. Alijenga la chuma, likakamilika mwaka 1796, likiwa na upana wa mita 40 hivi, mita tisa zaidi ya lile la Darby, kwa chini ya nusu ya chuma. Alikuwa ameona namna kingo zinavyosogea, kwa hiyo alilifanya tao lake kuwa bapa zaidi, kwa kuwa tao bapa husukuma nje kwa nguvu zaidi kuliko lililo karibu na nusu duara, na hivyo lingeweza kukabiliana na kilima. Ilikuwa hoja nzuri. Hata hivyo daraja hilo nalo lilibomolewa na kubadilishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali lile la Darby, lenye viungo vya seremala na chuma cha ziada, bado lipo. Nadhani ule ukarimu wa chuma, uliochekwa na waliofuata, umelisaidia: kipande kimoja kikipasuka kuna vingine vya kupokea mzigo, na viungo vya ulimi na kabari vinaruhusu mchezo kidogo ambao kiungo kigumu kisingeuruhusu.

Matengenezo hayakukoma. Mwanzoni mwa karne ya 19 egemeo la mawe la upande wa kusini, ambalo uzito wake wenyewe ulikuwa ukiuelemea ukingo, lilivunjwa, na mahali pake yakawekwa matao ya mbao ya muda. Kufikia mwaka 1821 mbao hizo zilikuwa zimebadilishwa kwa matao mawili madogo ya chuma, ambayo ndiyo mgeni anayoyaona leo upande huo na kuyadhania kuwa ya tangu mwanzo. Baadaye yakaja magari ya injini. Daraja lilifungwa kwa magari mwaka 1934 na kuwekwa chini ya ulinzi wa kisheria wa mambo ya kale, lakini watembea kwa miguu waliendelea kulipa ushuru hadi mwaka 1950, lilipokabidhiwa kwa halmashauri ya Shropshire.

Kufikia miaka ya 1960 kingo zilikuwa bado zinasogeleana, na wahandisi walikuwa na njia mbili: kukizuia kilima, jambo ambalo ni kubwa kupita uwezo wa bajeti yoyote, au kuziwekea kingo kitu cha kuzitenganisha. Wakachagua la pili. Lile tao la zege lililopinduliwa kwenye sakafu ya mto linafanya kazi ambayo tao la juu lilishindwa tangu mwaka 1783, yaani kuyasukuma maegemeo mawili yasikutane. Kwa maneno mengine, uzito uliokosekana juu umewekwa chini, mahali usipomsumbua mwenye mashua wala kuharibu sura ya daraja. Mwaka 1986 korongo lote likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kazi kubwa ya mwisho ilifanyika mwaka 2017 na 2018 chini ya shirika la English Heritage, kwa pauni milioni 3.6, sehemu ikitoka kwa wakfu mmoja wa Ujerumani na sehemu kwa michango ya watu wa kawaida. Daraja lilifunikwa kwa jukwaa na turubai, nyufa za chuma zikazibwa, kabari zilizolegea zikakazwa au kubadilishwa. Kwa miaka mingi lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, na watu walizoea kuliona hivyo. Mafundi walipokwangua matabaka ya rangi hadi lile la chini kabisa, walikuta nyekundu yenye weusi wa kahawia. Wakairudisha. Picha aliyoichora William Williams mwaka 1780 inalionyesha daraja katika rangi hiyohiyo.